Sura ya Tano: Tofali Haliombwi

Mshahara ukishasoma, mtu wa Msamala hana siku nyingi za kuitwa mwenye pesa. Kabla hajafika kwa wakala, simu imeshaita. Shemeji yuko Namtumbo, mtoto karudishwa shule. Binamu ana mgonjwa Peramiho na nauli ya kurudi haipo. Katibu wa kamati ya harusi anakumbushia ahadi, kwa upole tu, mzee wangu. Wote hao wana haki yao. Pesa iliyo kwenye simu au kwenye mkoba ni ya ukoo mzima, na anayesema hana wakati anayo hujulikana kabla jua halijazama. Lakini sijasikia shemeji akipiga simu kuomba tofali mia mbili, wala binamu akiomba robo ya bati.

Pita mitaa ya Msamala, kata yetu hii ya Manispaa ya Songea, uangalie yaliyolala nje ya nyumba. Tofali za kuchoma zimepangwa vizuri, majani yameota kati yake. Lori moja la mchanga limegeuka uwanja wa kuku. Chumba kimeishia kwenye lenta, nondo zimechomoza juu kwa kutu. Mgeni akitoka Dar es Salaam, baada ya kilomita zaidi ya 900 za basi, huona ujenzi uliokwama na watu wasiomaliza walichoanza. Kumbe anachokiona ni benki. Kila rundo ni akiba ya mtu, imewekwa mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuila kwa urahisi na ndugu zake hawawezi kabisa.

Na benki hiyo hufunguliwa Jumamosi na Jumapili. Ndiyo maana nimeipa wikendi sura nzima. Tumezoea kuandika uchumi wa familia kana kwamba ni suala la mshahara na bajeti, kumbe katika miji kama Songea mshahara ni malighafi tu. Unageuka kuwa unga, sweta, bati na chumba cha kupangisha katika siku mbili ambazo ofisi zimefungwa, na kazi ya kuugeuza ni ngumu kuliko ile iliyoleta mshahara wenyewe.

Kwanza niondoe jibu la haraka la wasomi, kwamba watu wajenge kwa mkopo wa nyumba kama wenzetu wa nchi nyingine. Tulijaribu. Benki ya Nyumba Tanzania, ile THB, iliundwa mwaka 1972 kwa kazi hiyohiyo, na mwaka 1995 ikafa ikiwa na madeni yasiyolipika. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni ya kuyapa mabenki fedha za muda mrefu ili yakopeshe wanaojenga na wanaonunua nyumba. Mikopo imeongezeka, lakini yote kwa jumla bado haifiki asilimia 1 ya pato la taifa, na riba yake huzunguka kati ya asilimia 15 na 19. Mwalimu wa Songea akipiga hesabu ya riba hiyo kwa miaka kumi na mitano anaona atajenga nyumba mbili, moja yake na moja ya benki. Basi anarudi kwenye tofali.

Mji nao haumsubiri. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Songea na watu zaidi kidogo ya 200,000. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 280,000. Kila anayeingia anatafuta chumba, na chumba cha uani chenye bati zuri na umeme hakikai wazi. Hesabu hiyo kila mama wa Msamala anaijua bila karatasi.

Sasa tuichukue wikendi moja, tena ile iliyojaa kuliko zote: Jumamosi ya mwisho wa Oktoba. Nimeichagua kwa sababu tatu zinazogongana. Mshahara umetoka. Mvua ziko mlangoni, kwani huku kwetu msimu ni mmoja, huanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika Aprili, na ukuta usioezekwa kabla ya hapo utalowa miezi mitano. Tena ni siku ya usafi. Tangu Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta gwaride la Uhuru na kuwataka watu washike fagio, Jumamosi ya mwisho ya mwezi imekuwa ya usafi wa mazingira, na maduka mengi hayafungui kabla ya saa nne asubuhi. Wengine hulalamika kwamba wanapotezewa muda. Mimi naona saa hizo ndizo pekee katika mwezi ambazo baba, mama na watoto wote wako uani kwa pamoja, hakuna pa kwenda, na ndipo mipango hukubaliwa huku mtu akifyeka na mwingine akizoa. Nani aende mashineni, nani amsubiri fundi, nani aende sokoni, na pesa ya kila kazi itoke wapi. Familia isiyogawana kazi kabla ya saa nne itapishana njiani siku nzima, kila mmoja akinunua alichokwisha kununua mwenzake.

Mashine ndiyo ya kwanza, maana foleni yake haina huruma. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na familia nyingi za mjini, watumishi kwa wafanyabiashara, zina shamba mahali fulani: Mletele, Lilambo, au huko Muhukuru. Anayenunua hununua Julai na Agosti, magunia yanapomiminika na bei iko chini, akaweka ndani. Hapo ndipo penye faida kubwa kuliko yoyote utakayoipata sokoni kwa kubishana, na haihitaji maneno, inahitaji chumba kikavu. Mahindi yaleyale kufikia Januari yanakuwa na bei nyingine kabisa.

Ila mahindi yana mdomo unaoyafuata. Dumuzi, mdudu ambaye wakulima wengi humwita Skania kwa jinsi anavyobeba mzigo, alitoka Amerika ya Kati akaonekana mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na hajaondoka tena. Gunia la kawaida la kuhifadhi bila dawa humlisha yeye. Siku hizi wengi wetu tumehamia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka tatu, plastiki mbili ndani na gunia la nje. Unajaza mahindi makavu, unakamua hewa, unafunga kila tabaka peke yake kwa kamba. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza oksijeni na kufa wenyewe. Hakuna dawa ya unga kwenye chakula cha mtoto. Mfuko ni ghali kuliko gunia, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja kama panya hajautoboa, na hiyo ndiyo hesabu ambayo wanunuzi wengi wa vitu vya bei rahisi hawaipigi.

Mashineni kuna uamuzi: kukoboa au kusaga dona. Ukikoboa unapata sembe jeupe ambalo wageni hawalisemi, lakini pumba na viini vinabaki kwa mwenye mashine au unavirudisha nyumbani kwa nguruwe na kuku. Ukisaga dona, debe linarudi karibu lote na lina lishe zaidi, ila mafuta ya kiini huufanya unga uwahi kuchacha, kwa hiyo huwezi kusaga wa miezi miwili. Kwetu tunasaga dona la wiki mbili na sembe kidogo la wageni. Mama mkwe wangu analiita dona unga wa magereza na hajawahi kubadili msimamo.

Inafaa kukumbuka, ukiwa umesimama pale na debe lako, kwamba kusaga Songea kuliwahi kuwa siasa. Miaka ya 1960 wanavijiji waliounda Ruvuma Development Association, wakianzia Litowa mwaka 1960, waliendesha mashine yao ya kusaga hapa mjini, ili faida ya unga irudi kwa waliolima. Mwalimu Nyerere aliwatazama kama mfano wa ujamaa kabla ya Azimio la Arusha. Septemba 1969 chama tawala kikaamua kuwavunja, na mali zao zikachukuliwa. Leo mashine ni za watu binafsi, na mkulima anasubiri foleni kama sisi wengine.

Kutoka mashineni hadi sokoni ni bajaji moja au bodaboda ya elfu moja. Soko Kuu, Majengo, Bombambili, kila mama ana lake na sababu zake. Chakula hakina mengi ya kusimulia. Dagaa wa Nyasa wameshuka kutoka Mbamba Bay, na tangu lami ilipofika huko ziwani wanafika wakiwa na sura nzuri zaidi. Maharage yanapimwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne, na mwenye macho hutazama kwanza kama chini halijabonyezwa kwa ndani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo ukisahau kikapu unanunua mfuko mwingine wa kitambaa wa kujiunga na ile ishirini iliyoko nyuma ya mlango wa jikoni.

Palipo na hadithi ni kwenye mitumba. Hapa mke wangu ananizidi mbali na mimi kazi yangu ni kubeba.

Songea iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi zake si za mzaha. Wanunuzi wa kawaida hukimbilia sweta miezi hiyo, na muuzaji anajua. Mke wangu hununua sweta Oktoba, joto likiwa kali na hakuna anayetaka hata kuzishika, na makoti ya mvua hununua Julai. Sare za shule za Januari anazitafuta Novemba. Hakuna siri nyingine.

Kijana alikuwa amefungua belo lake juu ya turubai na kupaza sauti kwamba mali ni ya leo.

"Mama yangu, shika mwenyewe. Hii sweta ya baridi ya Ulaya."

"Baridi ya Ulaya ibaki Ulaya, mwanangu. Leo tuko Oktoba. Mwisho bei gani?"

"Maongezi yapo. Kwako wewe elfu nne."

"Na kwa mwingine?"

"Mwingine elfu sita."

"Basi mimi ni mwingine wa tatu. Elfu mbili."

Kijana akacheka, akasema elfu mbili haitoi hata pesa ya kusafirisha belo. Mke wangu hakubisha. Akaanza kukagua kwapa, kola na zipu, polepole, akiweka pembeni moja, ya pili, ya tatu. Hapo ndipo mazungumzo yalipogeuka, kwa sababu muuzaji hauzi tena sweta, anauza nafasi kwenye turubai lake, na Oktoba sweta tatu zinachukua nafasi ya mashati kumi. Zikatoka tatu kwa elfu saba. Sijaona kitabu cha biashara kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko alivyolieleza yule kijana mwenyewe akihesabu noti: "Zikibaki, nazilinda bure."

Nyuma ya turubai hilo kuna siasa za dunia. Mitumba iliingia kwa wingi biashara ilipofunguliwa kuanzia 1984, baada ya miaka ya foleni za maduka ya ushirika na suruali zenye viraka. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki wakakubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vipate pumzi. Ushuru ukapandishwa. Mwaka 2017 Marekani ikaanza kupitia upya nafasi yetu kwenye AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa zetu kuingia kwao bila ushuru, na nchi moja baada ya nyingine ikalegeza, sisi tukiwemo. Rwanda peke yake ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye mpango huo. Mimi ningependa shati la mwanangu lishonwe Tanzania kwa pamba ya Shinyanga. Lakini sitamwambia mama mwenye watoto wanne anunue sweta ya dukani ili nijisikie mzalendo, wakati tofauti ya bei ni bati moja.

Na bati la vyumba vyetu viwili vya kupangisha ndilo lililotutoa nyumbani. Saa saba mchana tuko kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, fundi yuko pamoja nasi. Usiende kununua bati bila fundi, na usimruhusu fundi aende peke yake. Ukienda peke yako utauziwa, na yeye akienda peke yake kuna kitu cha shukrani kitakachobaki dukani kikimsubiri.

Bei rahisi ya bati inasomeka kwenye geji. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene, 30 ni ya katikati, 32 ni nyembamba, na mtu akipanda juu kupigilia msumari utasikia linavyolalamika. Dukani zote zinang'aa sawa, zaidi zile za msauzi zenye rangi. Tofauti ya bei kati ya geji 32 na 30 inaonekana kubwa ukiizidisha kwa bati thelathini, na hapo ndipo watu wanapodondoka. Wanasahau kuzidisha na miaka. Fundi wetu hasomi tangazo la ukutani. Analipindua bati, anatafuta maandishi madogo yaliyochapwa ukingoni, halafu anapima urefu kwa futi yake mwenyewe, maana lililopungua nusu mita nalo huitwa la bei nafuu. Kisha anainua kona moja kwa vidole viwili na kuiacha irudi.

"Mzee, hili la jikoni," akasema. "La chumba cha mpangaji tuchukue lile."

Tulikuwa na pesa ya bati zote za geji 32, au nusu ya bati za geji 30. Tukachukua nusu. Kwa mtu mwenye mkopo wa benki uamuzi huo hauna maana, kwa sababu nusu paa si paa. Kwa anayejenga kwa wikendi una maana kamili: bati zuri haliozi, linakaa ndani likisubiri wenzake wa mwezi ujao, tunaezeka chumba kimoja kabla ya mvua na cha pili tunakifunika kwa turubai. Saruji haiko hivyo. Saruji inayoshuka kwetu kutoka Mtwara, ambako kiwanda cha Dangote kilianza uzalishaji mwaka 2015, au ile ya Mbeya, haivumilii kukaa. Mfuko ukiwekwa sakafuni pasipo mbao chini hunyonya unyevu, na baada ya miezi mitatu nguvu yake imeshashuka hata kama hujauona ukiganda. Kwa hiyo mtu anayejua hii benki yetu hununua tofali, bati, nondo na mbao kwa akiba, na saruji kwa matumizi ya wiki. Ukiona mtu amejaza saruji chumbani Oktoba huku ukuta wake utaanza Machi, ujue kuna aliyemdanganya kwamba bei inapanda kesho.

Mahindi nayo ni akiba yenye hatari yake. Juni 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje, bei ilianguka katika mikoa yote ya Nyanda za Juu Kusini, na waliokuwa wamegeuza pesa zao zote kuwa magunia walibaki wakiyatazama. Tofali halina mpaka wa kuvuka.

Lina gharama nyingine, na hiyo hatuilipi dukani. Kila tanuri linalochomwa pembezoni mwa mji linakula kuni za siku nzima na usiku wake, na ukiangalia upande wa milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma unaanzia, unajua kuni hizo hazishuki kutoka mbinguni. Wapo wanaoanza kutumia tofali za kufungamana zisizochomwa, na nyumba za aina hiyo zinasimama vizuri. Fundi wetu anazikubali kwa maneno na kuzikwepa kwa vitendo, kwa sababu zinataka umakini wa mstari wa kwanza ambao huwezi kuufidia kwa udongo.

Mzigo ukapanda toyo, bati zikafungwa kwa mpira, mwanangu mkubwa akakaa juu kuzizuia zisiimbe. Nyumbani tukakuta ugomvi mpya. Fundi wa geti alikuwa amefika na mashine yake ya kuchomelea na anaomba kuchomeka kwenye umeme wa nyumba.

Mke wangu alikataa, na sababu yake ni hesabu safi. Songea ilikuwa ikitumia majenereta ya dizeli hadi mwaka 2018, njia ya umeme kutoka Makambako ilipotuunganisha na gridi ya taifa. Tangu hapo umeme upo, na swali limebaki la bei. Mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ukiongeza kodi na tozo inafika 122. Akihamishiwa kundi la kawaida inakuwa 292, na kwa kodi na tozo zake ni kama 356. Kwa shilingi 10,000 zilezile, huyu anapata uniti karibu 82 na yule 28. Hapo sijataja kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, iliyoanza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na kupanda hadi 1,500 mwaka 2023, inayochukuliwa ukinunua umeme kwa mara ya kwanza kila mwezi, hata kama anayenunua ni mpangaji asiye na tofali hata moja. Mashine ya kuchomelea mchana kutwa ingetuvusha mstari wa uniti 75 tukiwa tumebakiza siku chache za mwezi. Fundi akaambiwa achomelee karakanani kwake, alete geti tayari. Akaongeza bei kidogo. Mke wangu akampunguzia kishika uchumba kwa kiasi kilekile.

Jumapili tulikwenda misa ya kwanza, ile ya alfajiri ambayo padri hahubiri kwa muda mrefu, na tuliporudi fundi wetu wa bati alikuwa tayari juu ya kenchi. Yeye ni Mwislamu, Ijumaa mchana hapatikani, Jumapili ni siku yake nzuri. Mji huu umeishi hivyo muda mrefu na hakuna anayeshangaa, isipokuwa mzee mmoja wa jumuiya yetu aliyesimama barabarani akitoka kanisani, akasikiliza nyundo, kisha akauliza kama hatukuweza kusubiri Jumatatu. Nilimwonyesha mawingu. Akaitazama Matogoro, akatuombea mema, akaenda zake.

Watoto walipewa kazi ya kuokota misumari iliyoanguka na kuinyoosha iliyopinda. Mama mkwe alisimamia turubai la chumba cha pili kwa amri kutoka kwenye kiti. Kufikia saa nane chumba kimoja kilikuwa na paa, na mke wangu alikuwa ameshaanza kuzungumza kwenye simu na mtu anayemtafutia chumba mwalimu mpya.

Saa kumi nikaenda kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa jirani. Hii ndiyo benki ya pili ya Msamala, na kwa haki yake ni kongwe kuliko ya tofali. Unachangia harusi ya huyu, msiba wa yule, kipaimara cha mwingine, na daftari za watu hazisahau. Nitakapooza mtoto, majina hayahaya yatakaa kwenye viti hivihivi. Wanaosema michango hii inatufilisi wana ukweli, lakini ukiipima kwa jicho la mtu asiye na bima ya maana wala pensheni ya kutosha, si upuuzi hata kidogo. Ninachokipinga ni kasi yake tu. Watu wanajenga jina kwa milioni za ukumbi wakati wazazi wa bwana harusi wanalala chini ya bati la geji 32.

Nilikwenda nikiwa nimejipanga. Simu yangu haikuwa na salio la kutisha, mfukoni mlikuwa na nauli. Zamu yangu ilipofika nikasema kwa unyenyekevu kwamba mwezi huu umenibana, naahidi elfu hamsini.

Mweka hazina, mama mmoja ambaye kila siku hupita mbele ya kwetu akienda dukani kwake, hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Bati tumeziona, baba," akasema. "Tena geji nzuri. Nakuandikia laki moja."

Mwenyekiti akapiga makofi, wajumbe wakafuata, na daftari likaenda kwa mtu mwingine.